Damu ya Ng'ombe, Damu ya Ndugu

Kwa Wadatoga, wafugaji wa Hanang nchini Tanzania, damu ya ng'ombe si kitu cha kushangaza. Ng'ombe hushikwa pembe, shingo hukazwa kamba mpaka mshipa uvimbe, kisha mshale mfupi uliozuiwa usizame sana hufyatuliwa kwa karibu. Damu huruka, hukingwa kwenye kibuyu. Kamba ikilegezwa mshipa hunywea, na mnyama hurudi malishoni na wenzake. Damu ile huchanganywa na maziwa. Kwa wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, wanaotangulizwa kupewa ni mama aliyetoka kujifungua, kijana aliyetahiriwa na mtu aliyejeruhiwa akamwaga damu nyingi. Wazee waliopanga utaratibu huo hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wameligusa jambo la kweli: aliyepoteza damu hujengwa upya na kile kilichomo ndani ya damu.

Mwezi wa Aprili 2001, Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuruhusu damu ya ng'ombe itumike hospitalini kwa njia nyingine, kwa kuingizwa mshipani mwa binadamu. Iliitwa Hemopure, na ilitengenezwa na kampuni ya Biopure ya Massachusetts, Marekani. Waliivunja chembe nyekundu ya ng'ombe, wakaitoa himoglobini, wakaisafisha, wakaziunganisha molekuli zake katika minyororo, wakaitia kwenye mfuko. Haikuhitaji jokofu. Haikuhitaji kulinganishwa kundi. Ilikaa rafuni hadi miaka mitatu. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa umewahi kupita barabara ya Mbulu kwenda Haydom wakati wa masika, utadhani aliyeiandika alikuwa akiifikiria hospitali ya Haydom.

Kati ya kibuyu cha Mdatoga na mfuko wa Biopure kuna historia ndefu ya watu kutafuta kitu cha kushika nafasi ya damu. Ninaisimulia kutokea Haydom kwa sababu pale swali hilo lina uzito wake kamili. Ubongo umeumia, damu imepungua, na mfuko wa damu haupo. Utafanya nini?

Haydom iko upande wa kusini-magharibi wa Mbulu, juu ya uwanda wenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Hospitali ya Kilutheri ya hapo, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei, ilifunguliwa mwaka 1955. Mkoa wa Manyara, ilimo leo, haukuwepo. Ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Tangu mwanzo wodi zake zilikusanya watu ambao ni nadra kukutana chini ya paa moja: mkulima Mwiraqw, mfugaji Mdatoga, Mnyiramba aliyepanda kutoka upande wa Singida, na Mhadzabe wa bonde la Yaeda. Wote wana njia zao za kuumia kichwa. Mhadzabe hupanda mbuyu kufuata asali, na mbuyu ukikutupa haukutupi karibu. Wengine ni fimbo za ugomvi, wengine ni teke la ng'ombe, wengine ni lori lililojaza mahindi na abiria juu ya magunia. Siku hizi ni bodaboda, dereva na abiria wote vichwa wazi.

Kichwa kikipasuka, ngozi yake hutoa damu kuliko watu wanavyodhani. Ngozi ya kichwa ina mishipa tele, na mishipa hiyo imeshikwa na nyama ngumu isiyoiruhusu kujifunga haraka. Mtu anaweza kulazwa nyuma ya pikapu kwa saa tatu, kitambaa kikiwa kimeloa, na kila mtu akisema jeraha si kubwa, ni ngozi tu. Akifika hospitali, muuguzi anamfunua kope la chini na kuliona jeupe kama karatasi. Anamgeuza viganja, navyo vyeupe. Kabla mashine hazijaenea, hospitali nyingi za vijijini zilipima wingi wa damu kwa kipimo cha Tallqvist: tone moja kwenye karatasi ya kufyonza, unasubiri likauke kidogo, unalilinganisha kwa jicho na mistari ya rangi nyekundu iliyochapishwa kwenye kadi. Kipimo hicho hakikuwa sahihi sana. Lakini kwa mtu mweupe kope na viganja, kadi haikuwa na habari mpya.

Ubongo ni kama sehemu 2 kwa 100 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu sehemu 20 kwa 100 ya oksijeni yote. Kila gramu ya himoglobini hubeba kiasi cha mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 14 katika desilita moja ya damu ana mililita 19 hivi za oksijeni ndani ya desilita hiyo. Mwenye gramu 5 hazidi 7. Mtu mzima mwenye afya anaweza kustahimili kwa muda: moyo hukimbia, mishipa ya ubongo hupanuka ili damu iliyopo ipite kwa wingi zaidi. Ubongo uliojeruhiwa mara nyingi umepoteza uwezo huo wa kujirekebisha. Au mishipa inapanuka kweli, lakini ndani ya fuvu lisilotanuka, na kupanuka kwake kunazidisha mgandamizo juu ya ubongo ambao tayari umevimba. Kwa hiyo mgonjwa huumizwa mara mbili, kwanza na pigo lenyewe, halafu na njaa ya hewa inayokuja baadaye kimyakimya akiwa kitandani.

Mtu aliyeanguka Mbulu au Hanang kwa kawaida hakuanguka akiwa na gramu 14. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti waliofanya kazi kati ya Bergen, Norwei, na Haydom, wakiwemo Bjørg Evjen Olsen na Sven Gudmund Hinderaker, walipima damu ya wajawazito katika wilaya hizi mbili. Matokeo yao, yaliyochapishwa miaka ya 2001 na 2002, yalihusisha upungufu wa damu na ukosefu wa madini ya chuma, ukosefu wa vitamini A na maambukizi. Ongeza safura, minyoo inayonyonya damu utumboni miaka nenda rudi, na malaria ya nyanda za chini upande wa Ziwa Eyasi. Ongeza na mwinuko wenyewe: anayeishi mita 2,000 juu ya bahari anahitaji himoglobini zaidi ya mtu wa Tanga ili apate hewa ile ile, kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lilikuwa likipunguza gramu 0.8 kwenye kipimo chake kabla ya kusema ana damu ya kutosha au hana. Utafiti ule ulihusu akina mama, na ndivyo ulivyostahili, maana wao ndio waliokuwa wakifa. Lakini chakula ni kile kile kwa mume na mtoto, na minyoo haichagui.

Damu ya kuongeza ilitoka wapi? Kwa ndugu. Mpaka Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulipoanzishwa mwaka 2004, kila hospitali nchini ilijitegemea, na hata baada ya hapo kituo cha kanda kilikuwa Moshi, mbali sana na Haydom. Mgonjwa alipoingia, swali la kwanza kwa waliomleta lilikuwa: mko wangapi? Mmoja mmoja alichomwa kidole. Matone mawili yaliwekwa kwenye kigae cheupe, kila moja likachanganywa na dawa yake, kigae kikatikiswa kwa mkono, na mtaalamu wa maabara akainama kuangalia kama chembe zinashikana na kufanya chenga. Ndugu ambaye kundi lake lilikubali alilazwa, akafungwa mpira mkononi. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kugundulika Kagera mwaka 1983, kazi iliongezeka: kupima UKIMWI, homa ya ini na kaswende, kila mfuko, kila mara, na vipimo viwepo. Huku ndani ubongo unasubiri, na saa haisubiri.

Ndugu nao waliogopa. Wengi waliamini kwamba damu ukishaitoa hairudi. Mwanaume aliyekuwa tayari kuuza fahali kumponya mdogo wake aliweza kutoweka kimya kimya akiombwa nusu lita ya mkono wake. Sitaki kuwalaumu. Katika nchi ambayo watu wengi wanasikia kizunguzungu wakisimama, kuogopa kupungukiwa damu si ujinga.

Mwaka 2006 alifika Haydom daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, Dilan Ellegala, Mmarekani mzaliwa wa Sri Lanka. Tanzania nzima, yenye watu wapatao milioni 40, ilikuwa na mabingwa watatu tu wa fani hiyo. Haydom haikuwa na hata msumeno wa kufungulia fuvu. Mwandishi Tony Bartelme, aliyeiandika habari hii gazetini na baadaye katika kitabu kilichotoka mwaka 2017, anaeleza kwamba alipoletwa mwanakijiji aliyeumia vibaya kichwani, Ellegala alinunua kwa mkulima msumeno wa kukatia miti, akauchemsha kuua vijidudu, akafungulia nao fuvu. Mgonjwa akapona.

Wengi huishia kwenye msumeno. Mimi hukaa zaidi na kilichofuata. Ellegala aliona kwamba ataondoka na wagonjwa watabaki, akamchagua daktari msaidizi aliyekuwa pale, Emmanuel Mayegga, mtoto wa nyumba ya udongo asiye na shahada ya udaktari, akamfundisha kwa miezi sita kuondoa uvimbe na kutibu watoto wenye maji kichwani. Akamfundisha pia namna ya kufundisha. Mayegga alimfundisha wa pili, wa pili akamfundisha wa tatu.

Sasa fikiria kazi hiyo bila benki ya damu iliyojaa. Mfupa wa fuvu hutoa damu ukikatwa, hupakwa nta. Utando unaofunika ubongo una mifereji mikubwa ya damu, na mfereji mmoja ukichanika mgonjwa anaweza kuishiwa mezani. Kwa mpasuaji wa hospitali ya namna hii, kila kipande cha shashi kinacholowa damu ni hesabu anayoifanya kichwani, na ujuzi wa kwanza unaorithishwa mkono kwa mkono ni kutoimwaga. Tumbo lina nafuu kidogo. Mwanamke ambaye mimba imetungia nje na kupasua mrija, damu yake ikiwa imejaa tumboni, huweza kurudishiwa hiyo hiyo: huchotwa kwa kikombe safi, huchujwa kwa shashi yenye tabaka kadhaa, hutiwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, kisha humrudia mwenyewe mshipani. Hospitali nyingi za vijijini Afrika zimeokoa akina mama kwa njia hiyo. Damu ya kichwani haichoteki hivyo. Imeganda juu ya ubongo, au imebaki njiani kwenye vumbi.

Ndiyo maana wazo la damu mbadala lina mvuto mkubwa, na ni la kale kuliko tunavyodhani. Mwaka 1667, mjini Paris, Jean-Baptiste Denis alimtia kijana damu ya mwanakondoo. Kijana alinusurika, mgonjwa wake mwingine akafa, na jambo lote likapigwa marufuku. Karne ya 19 madaktari wa Amerika Kaskazini walijaribu maziwa, wakiamini kwamba yakiingia mshipani yatageuka damu. Karl Landsteiner alipoeleza makundi ya damu mwaka 1901, ikajulikana kwa nini wengine waliongezewa wakapona na wengine wakafa. Bado ilikuwa lazima kumpata binadamu wa kutoa.

William Amberson, mtaalamu wa Marekani, alijaribu kumtoa binadamu katika hesabu. Mwaka 1949 yeye na wenzake waliandika habari za mama aliyetokwa damu baada ya kujifungua. Damu ya kumwekea ilipoisha, walimtia maji yenye himoglobini tupu, iliyotolewa ndani ya chembe zake. Shinikizo likapanda, mama akazinduka. Halafu figo zikasimama, akafariki. Himoglobini iliyo nje ya chembe yake huvunjika vipande vidogo vinavyoharibu figo. Tena humeza gesi ya nitriki oksaidi, ambayo ndiyo huifanya mishipa ilegee, hivyo mishipa hukaza na njia ya damu kuwa nyembamba. Chembe nyekundu, kumbe, si gunia tu la kubebea. Ni ukuta.

Wanasayansi walitumia miaka 50 kuujenga ukuta huo upya kwa kemia. Kampuni ya Baxter ilivifunga pamoja vipande vya ndani ya kila molekuli visiachane, ikaita dawa yake HemAssist. Ilipojaribiwa kwa majeruhi waliopoteza damu nyingi, katika waliopewa dawa hiyo walikufa 24 kati ya 52; katika waliopewa maji ya chumvi walikufa 8 kati ya 46. Jaribio lilikatishwa mwaka 1998. Northfield Laboratories ikaja na PolyHeme, iliyotokana na damu ya binadamu iliyopitwa na muda. Majaribio yake yalianza mwishoni mwa 2003 na kuhusisha majeruhi 720 waliookotwa na magari ya wagonjwa katika miji ya Marekani. Hawakuulizwa, kwa sababu hawakuwa katika hali ya kuweza kuridhia. Sheria iliruhusu hivyo, ikisema jamii ijulishwe mapema na asiyetaka avae bangili ya kukataa. Walipofika hospitali, penye damu halisi, waliopangiwa dawa waliendelea kupewa dawa hiyo kwa muda usiozidi saa 12. Waliofariki walikuwa 13.4 kwa 100, dhidi ya 9.6 kwa waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Mimi jambo hilo linanikera hadi leo. Mtu aliyepasuka kichwa hawezi kusema ndiyo wala hapana, na kisingizio cha dharura ni chepesi kuhamishika: leo ni mtaa wa Chicago, kesho ni kijiji ambacho hakina damu na hakina wa kuvaa bangili.

Mwaka 2008 uchambuzi uliojumlisha majaribio ya dawa za aina hii ulionyesha kwamba zilizidisha vifo na mshtuko wa moyo. Northfield na Biopure zote zilifilisika mwaka 2009. Mfuko usiohitaji jokofu haukufika Haydom.

Mlango haukufungwa wote. Mwaka 2010, Hospitali ya Alfred mjini Melbourne, Australia, ilipokea majeruhi wa ajali ya gari aliyeumia viungo vingi, kichwa kikiwemo, na ambaye imani yake haikumruhusu kupokea damu ya mtu. Damu yake ilishuka hadi moyo ukaanza kushindwa. Madaktari waliagiza kutoka Marekani mifuko 10 ya himoglobini ya ng'ombe, aina ile ile ya Biopure, wakamtia. Alipona. Kwa mgonjwa mwenye kichwa kilichoumia, damu iliyokwisha na hakuna njia nyingine, huo ndio ushahidi uliopo: mtu mmoja mmoja, kwa ruhusa ya pekee, katika hospitali yenye kila kitu isipokuwa kibali cha kumwongezea damu.

Afrika Mashariki nayo ilipata somo lake kuhusu kinachowekwa mahali pa damu. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, lilichunguza watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu. Karibu theluthi moja yao walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Waliomwagiwa dripu kwa kasi walikufa zaidi: karibu 10.6 kwa 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiomwagiwa. Vitabu vya nchi za mbali vilikuwa vimefundisha kinyume. Dripu hujaza mshipa, haibebi hewa.

Na kadiri utafiti unavyosonga, ndivyo damu inavyozidi kuonekana kuwa na thamani kwa ubongo. Mwaka 2024, jaribio la TRAIN la wagonjwa 850 wenye majeraha ya ubongo lililinganisha kuongeza damu ikishuka chini ya gramu 9 na kusubiri ishuke chini ya 7. Waliosubirishwa walibaki na ulemavu mkubwa au kufa 72.6 kwa 100. Walioongezewa mapema 62.6. Jaribio jingine la mwaka huo huo, HEMOTION, halikupata tofauti ya uhakika, ingawa namba zake zilielekea upande huo huo. Gramu 9! Mahali ambapo mtu ana 8 kabla hata hajaanguka, kiwango hicho ni mlima Hanang kuupanda kwa magoti.

Kilichofika vijijini ni kidogo na hakina sifa. Kuna asidi ya traneksamiki, dawa iliyogunduliwa Japani mwaka 1962 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke. Jaribio la CRASH-3 la mwaka 2019, lenye wagonjwa 12,737, lilionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu hupunguza vifo kwa walioumia kichwa kwa kiasi kidogo au cha kati. Ni sindano ya bei nafuu. Kuna uzi na sindano ya kushonea ngozi ya kichwa pale pale zahanati, kabla ya safari. Kuna vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo kwa mtu ambaye bado hajapanda pikipiki.

Na kuna ndugu. Himoglobini ya ng'ombe, hata ingekuwa salama, hubeba oksijeni tu, tena kwa siku moja hivi, kisha huisha. Haina chembe sahani wala vigandishaji, na ubongo unaovuja unavihitaji sawasawa na hewa. Damu nzima mbichi ya binadamu inavyo vyote. Majeshi ya Marekani huko Iraki na Afghanistan, yenye majokofu na ndege, yalirudi kwenye utaratibu wa kumwita askari mwenzake aliyeruhusiwa na vipimo, kumlaza, kumtoa mfuko na kumpelekea majeruhi hapo hapo. Hospitali za Mbulu na Hanang zilikuwa zikifanya hivyo kwa miaka mingi kwa sababu hazikuwa na njia nyingine. Mdogo mtu ananyoosha mkono, vipimo vinatoka, mfuko unafungwa, na muuguzi anaupeleka wodini akiwa ameushika kwa viganja viwili. Haujapita kwenye jokofu. Bado una joto.